Chokoleti Zenye Mwanya

Jumapili, 8 Februari

Nimeamua. Mwaka huu Siku ya Wapendanao haitanipita kama gari la taka, likiniachia harufu tu. Mwaka jana nilijinunulia ua moja jekundu, nikalitia kwenye glasi, na mwanangu mdogo, Bwana Mdogo, akalila kabla sijamaliza kujipongeza. Mwaka juzi nililia bafuni huku nimefungua bomba ili watoto wasisikie. Walisikia. Waliniuliza kwa nini naoga na viatu.

Mwaka huu sherehe ni yetu sisi watatu. Mama mmoja, watoto wawili, basi. Upendo hauhitaji mwanamume mezani. Nimelifikiri jambo hili kwa kina na nina hakika nalo, ingawa nikilisema kwa sauti huwa nakohoa.

Kikwazo kimoja. Shule imetuma taarifa. Ijumaa kutakuwa na chai ya wapendanao ukumbini, na kila mtoto atamwalika mtu mmoja wa moyo wake. Mmoja tu, viti havitoshi. Kisha kila mtoto atasimama mbele ya watu aseme kwa nini amemchagua huyo.

Nilikaa mkao wa kualikwa. Hata nywele nilizitengeneza. Bwana Mdogo, ambaye ana miaka mitano na hana haya, akasema anamwalika mpishi wa shule, kwa kuwa humwongezea maziwa. Nikamgeukia dada yake mwenye miaka minane, ambaye hapa nyumbani tunamwita Hakimu kwa sababu hapitishi jambo bila kusikiliza pande zote. Akasema bado anatafakari.

Anatafakari! Nilimbeba miezi tisa, sikutafakari hata siku moja. (Si kweli. Nilitafakari kila siku. Lakini nilimbeba.)

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, wagombea ni akina nani. Akasema wawili, mimi na Shangazi. Shangazi yuko mbele kidogo.

Jumatatu, 9 Februari

Lazima niandike kuhusu wifi ili nielewe ninapambana na nini.

Wifi ni dada wa baba yao. Baba yao aliondoka, wifi akabaki, kama abiria aliyesahauliwa kituoni akapapenda hapo hapo. Anauza manukato. Ana gari dogo jekundu lisilo na kiyoyozi ila lina muziki. Hajawahi kuwaambia wanangu wapige mswaki. Nani asingependwa kwa masharti hayo?

Mimi ni fundi wa meno bandia. Nina shahada, nina koti jeupe, nashinda maabara nikichonga nta na kumimina plasta, na nikirudi nyumbani nawaambia watoto wafungue vinywa niwakague magego. Sifa zangu hazing'ai kwa mbali. Zinahitaji mtu asogee na taa.

Jioni wifi akapiga simu. Alianza na hali ya hewa. Wifi akianza na hali ya hewa, ujue mvua ni yeye. Akasema ameshona gauni jipya la zambarau la kwendea mahali fulani Ijumaa, hatasema wapi, asije akaonekana anaringa. Nikamwambia zambarau inamnenepesha. Akashukuru sana, maana alikuwa na wasiwasi amekonda.

Vita vya mdomo siviwezi. Silaha yangu ni mpango.

Jumanne, 10 Februari

Mpango wa kwanza: mayai ya kukaanga yenye umbo la moyo. Nilikuwa nimechukua kazini kipande cha waya, ule wa kunyooshea meno, nikaukunja umbo la moyo kwa koleo. Kazi safi. Ukiweka waya kikaangoni na kumwaga yai katikati, yai linapaswa kutii.

Halikutii. Lilitoka upande mmoja likavimba kama shavu lenye jipu. Hakimu akalitazama la kwake kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama figo litakuwepo kwenye mtihani. Bwana Mdogo akala lake, akauliza kama ini lipo.

Hapo ningenyamaza. Lakini sikuweza kuacha watoto waende shule na fikra potofu. Nikaeleza kwamba moyo halisi haufanani na moyo wa kadi, kwamba watu wameuchora hivyo kwa sababu nyingi, na kwamba sababu hizo zinatufundisha jambo kuhusu hofu ya mwanadamu. Nilikuwa nimefika kwenye hofu ya mwanadamu gari la shule lilipopita.

Nani akatokea? Wifi, na muziki wake. Akawapakia. Hakimu alipunga mkono kupitia kioo cha nyuma, mkono wa mtu anayeaga hospitali.

Kazini Bosi aliuliza nani amechukua waya. Nikasema sijui. Wakati huo waya ulikuwa mkobani, umbo la moyo, unanuka mayai.

Jumatano, 11 Februari

Wazo limenijia nikiwa nimechafuka plasta hadi viwikoni. Chokoleti! Katika mji huu nani anajua kalibu kunishinda mimi? Wengine watanunua dukani. Mimi nitamimina.

Saa ya chakula nilichonga moyo wa nta. Niliuchonga kwa kisu kile kile ninachochongea chonge, nikaung'arisha kwa kitambaa, nikauweka dirishani nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, jua lilikuwa limeshapita hapo. Kidimbwi chekundu. Wengine huandika kwamba moyo wao umeyeyuka. Mimi wangu niliupangusa kwa gazeti.

Nta iliyobaki Bosi ameifungia kabatini, tangu mambo ya waya.

Nikasimama mbele ya rafu. Pale tunaweka nakala za plasta za kazi zilizokwisha. Hazina majina, zina nambari tu, maana meno ya mtu ni siri ya mtu. Hazijawahi kuingia kinywani mwa yeyote. Ni safi kuliko sahani zangu. Na pale, safu ya pili, nikaiona seti moja. Kazi ya Bosi mwenyewe, ya mwezi uliopita. Meno ya juu yamejipanga kama wanakwaya, na katikati yake mwanya. Mwanya mwembamba, wa haki, wa kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Bosi alinieleza kwamba mteja aliuomba mwenyewe. Alizaliwa nao, na hakutaka kuzeeka bila huo.

Nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri hakuna wa kunishika. Moyo ni nini? Nyama inayosukuma damu. Lakini tabasamu! Upendo huonekana wapi kwanza kama si kwenye meno? Kwa nini tuadhimishe mapenzi kwa kiungo ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa mpenzi wake? Kufikia jioni nilikuwa nimejishawishi kabisa kwamba umbo la moyo ni kosa la kihistoria na nimeitwa kulirekebisha.

Kanuni kuu ya maabara imebandikwa mlangoni: nakala haitoki nje. Nimeitoa ndani ya mkebe wa chakula. Sijaiba. Nimeazima.

Alhamisi, 12 Februari

Ushindi.

Jana baada ya kazi nilitengeneza kalibu kwa mpira laini ulio salama kwa chakula, nikamimina. Meno, chokoleti nyeupe. Fizi, chokoleti nyeupe niliyotia rangi ya waridi, nikaipitisha kwa brashi ndogo ili ufizi uwe na kile kivuli chake cha asili. Mwanya ukatoka kama ulivyo. Bosi angeyaona angelia, kisha angenifukuza.

Nikawaita watoto. Hakimu akaja na uso wake wa mahakamani. Akaangalia sinia. Akaniangalia mimi. Akaangalia sinia tena. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka akashika tumbo, mpaka akaniomba nimwondolee asiyaone apumue kidogo. Sijawahi kumchekesha hivyo mtu yeyote kwa kukusudia. Bwana Mdogo akabandika seti nzima mdomoni, akawa mzee, akatudai heshima.

Na leo asubuhi, akiwa anavaa soksi, Hakimu akatamka hukumu.

"Mama, nimeamua. Njoo wewe. Na uje na mengi."

Nilienda kazini nikiwa sigusi ardhi. Nakala nikairudisha rafuni kabla Bosi hajavua kofia. Ila kufikia mchana nilikuwa nimeanza. Nimealikwa mimi, au yamealikwa meno? Jioni nikamuuliza Hakimu, kwa kuzunguka sana, kama ningealikwa nikiwa mikono mitupu. Akasema hajibu maswali ya kudhania.

Wifi alipiga simu kunipongeza. Sauti yake ilikuwa tamu kama dawa ya watoto. Akasema kwake yeye hiyo ni hongo. Nikasema ni sanaa. Akasema hongo nyingi huanza hivyo.

Haikuniuma. Nimeandika hapa ili ikumbukwe kwamba haikuniuma.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika nikiwa nusu aibu, nusu sukari.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa mioyo ya karatasi. Viti vilikuwa vya darasa la kwanza. Ukikaa, magoti yanakusalimia kidevuni. Nikaingia na masinia yangu mawili. Na nani yuko kwenye kiti cha pembeni ya changu, zambarau kuanzia shingoni hadi chini? Bwana Mdogo alikuwa amebadili mwaliko. Dada yake alimshauri kwamba mpishi yupo shuleni siku zote, kumwalika ni kupoteza kiti. Kwa hiyo amepata maziwa na Shangazi pia. Hoja ilikuwa imekamilika. Hakuna pa kukata rufaa.

Lakini meno! Watoto waliyavamia. Wakayavaa, wakayagonganisha, wakazungumza kama mababu. Mioyo ya dukani iliyoletwa na wazazi wengine ilikaa pale bila wa kuigusa, na nikamwona mama mmoja akifunika boksi lake polepole. Mimi si mtu mbaya. Nilifurahi tu.

Kisha akaingia Mwalimu Mkuu.

Nieleze hapa kwamba huyu mama nilikuwa namjua kwa viatu. Mimi husalimia watu nikitazama chini. Ni tabia yangu tangu utotoni, na kwa fundi wa meno ni upungufu, nakubali. Wazazi husifu uzuri wake, mimi nilikuwa najua kisigino chake. Leo nilikuwa nimekaa chini kuliko kawaida, kwenye kile kiti, kwa hiyo nikalazimika kumtazama juu. Akakaribisha wageni. Akatabasamu.

Niliujua ule mwanya kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Niligeuka kutazama ukumbi. Kila mtoto alikuwa anamtabasamia Mwalimu Mkuu kwa tabasamu la Mwalimu Mkuu. Wazazi walikuwa wanatafuna. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu upendo kwa jirani. Sentensi haikufika.

Wifi, ambaye macho yake hayajui likizo, akainua seti moja kwenye mwanga na kusema kwa sauti ya kufika mbali, "Jamani, wifi. Umemchonga Mwalimu Mkuu."

Namjua. Alitaka nionekane najipendekeza. Badala yake watu wakapiga makofi. Kipaji gani hicho, mtu kumchonga mwingine kwa kukumbuka tu! Baba mmoja nyuma yangu akaapa kwamba hata chonge ni zenyewe. Mwalimu Mkuu hakupiga makofi. Aliniomba nimsaidie vikombe jikoni.

Hakuna aliyehitaji vikombe.

Jikoni akamtuma mpishi maziwa, akafunga mlango, akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikamwambia. Nilikuwa nimesharudi kwenye viatu. Vyeusi, vimepigwa rangi vizuri. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lilinimaliza, kwamba katika shule hii kuanzia mlinzi hadi naibu wake hakuna anayejua kwamba meno yake ni ya bandia. Mkwewe anayeishi naye hajui. Nikaanza kumweleza kuhusu umbo la moyo na kosa la kihistoria. Akainua mkono.

"Binti yangu," akasema, "kuanzia leo siri yako na yangu zinakaa kinywa kimoja. Ukifungua wewe, nafungua na mimi."

Nikakubali kwa kichwa. Akaongeza masharti: yote yaliwe hapa hapa, lisitoke hata moja kwenda nyumbani kwa mtu. Halafu akachukua seti moja kwenye sinia, akaimega palepale penye mwanya, akatafuna, akasema chokoleti ni nzuri. Tukapanga vikombe ili tutoke na sababu. Alivipanga kwa umakini sana. Nami sikuthubutu kuacha kabla yake.

Nilitoka mwepesi kama karatasi. Sijafukuzwa kazi! Nikatafuta kiti changu. Wifi alikuwa amekikalia. Watoto wote walikuwa wamekaa. Hakimu alikuwa amekaa, mikono mapajani.

Alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshasema. Mimi nilikuwa jikoni napanga vikombe visafi.

Juma zima kwa ajili ya sentensi moja, na nimeikosa.

Njiani nikamwomba airudie. Akasema, "Nilishasema, Mama." Hakuwa na kiburi. Alikuwa amechoka tu, na hakunitazama. Nikamhoji Bwana Mdogo kama shahidi. Anakumbuka kwamba kuna kiti kilianguka.

Jumamosi, 14 Februari

Siku yenyewe. Nilikuwa nimeandaa maua ya karatasi, mashairi, na mchezo wa maswali kuhusu maana ya upendo. Sikuwa na nguvu ya hata kimoja. Nikabaki kitandani.

Watoto wakaja wakajilaza pembeni, mmoja kila upande. Ningetulia hapo. Lakini nikapata wazo. Nikapendekeza tucheze shule. Mimi nikawa Mwalimu Mkuu, nikakaribisha wageni, nikamwita mwanafunzi wa kwanza asimame atueleze kwa nini amemwalika mtu wake. Hakimu akaniangalia kwa huruma.

"Mama, huo ni mtego."

Akajifunika shuka.

Mchana wifi akaja na maua. Yangu! Niliyachunguza kwanza. Nikamwandalia chai, nikamkalisha, nikaanza na hali ya hewa. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Akasema kumbe hata mimi najifunza.

Nikamwambia basi, aniambie bei ya ile sentensi ya Hakimu. Nitavaa hata manukato yake yale ya tikitimaji. Wifi hakutaja bei. Alisogeza kiti, akatazama chumba ambamo watoto walikuwa wakicheza, akashusha sauti. Alihamia kiti changu, akasema, kwa sababu alimwona mtoto anasimama mbele ya kiti kitupu, na hakuweza kuvumilia.

"Lakini hakuniangalia mimi, wifi. Aliongea akitazama mlango wa jikoni."

Nikamuuliza alisema nini.

"Alisema amemwalika mama yake kwa sababu mama yake hujaribu kila kitu. Na kwamba siku moja angependa mama asijaribu chochote, akae tu na wao."

Nililia. Wifi naye alilia, akasingizia manukato. Akasema ana miaka mingi anawabeba watoto wa watu kwenye gari lake na hakuna aliyewahi kutazama mlango akimsubiri yeye. Nikamwambia si kweli, Bwana Mdogo humsubiri kila siku, dirishani, pua imebandikwa kioo. Akauliza kama ni kweli. Ni kweli. Inaniudhi sana, ila ni kweli.

Tulikaa sakafuni sote wanne tukala mkate na siagi. Hakuna aliyepanga. Hakimu aliniegemea bila sababu, akalala usingizi begani pangu, mdomo wazi. Sikumkagua magego.

Nimeelewa. Nimeelewa kabisa, kwa undani, labda kuliko mama yeyote. Mtoto hataki waya, wala mayai, wala meno. Anataka mtu aliyekaa.

Jumapili, 15 Februari

Leo ni siku ya kukaa tu. Nimeamka alfajiri kuiandaa.

Kochi halifai kwa kukaa tu. Linamfanya mtu aonekane anasubiri daktari. Nimelihamishia ukuta wa pili, na kwa hiyo kabati imebidi liende koridoni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: mkono nyuma ya kichwa, mguu mmoja juu, uso wa mtu asiyejaribu. Uso ndio mgumu. Asubuhi tutakaa bila kusudi. Baada ya chakula tutakaa kwa kicheko. Nimempigia wifi simu nikamsihi asije kabla ya jioni, asije akakaa vizuri kunishinda.

Mwanga pia haukuwa sawa. Nilikuwa juu ya ngazi nabadili pazia, misumari mdomoni, Hakimu alipotoka chumbani na nguo za kulalia. Akatazama kochi. Akatazama kabati. Akaniuliza nafanya nini.

Nikatoa misumari mdomoni, nikamwambia avumilie kidogo tu, karibu nitakaa.